Viota vya Kushoto mwa Mto

Siku ya kwanza tuligombana. Aliingia dukani kwangu Nyamirambo na kitambaa cha kaki kwapani, akataka suruali, na suruali yenyewe iwe na mfuko juu ya paja, mpana kutosha kuingiza daftari la shule bila kulikunja, wala usishuke mpaka gotini kwa sababu maji hufika hapo. Nikamwuliza anataka suruali au gunia la posta. Mimi ni mtu wa hasira za karibu, na fundi cherehani akishazoea kusifiwa kwa makoti ya harusi hapendi kuambiwa ashone mfuko wa daftari. Yule mzee hakukasirika. Alivuta kiti, akaketi, akaninyooshea mguu wenye goti bovu, akasema, "Fundi, wewe pima tu. Huu mfuko iko na kazi."

Alikuwa mchoraji wa ramani katika ofisi moja ya serikali kule Kacyiru, zaidi ya miaka ishirini kwenye meza ile ile, kalamu ya wino mkononi. Kiswahili alikipata Bujumbura ujanani na alikisema kwa kuokoteza, "iko" kila mahali. Mimi babu yangu alikuja huku kutoka pwani na chumvi na vitambaa, Kiswahili nimekinyonya, kwa hiyo mwanzoni nilimcheka mbele ya wateja. Baadaye niliona haya, nikaacha.

Alipokuja kuchukua suruali aliivaa palepale nyuma ya pazia, akatoka, akatia daftari mfukoni, akatembea hatua tatu huku akilipapasa, uso umemng'aa. Kisha akalitoa, akanifungulia. Nilitarajia hesabu za ofisi, au zaburi. Nikakuta ndege.

Nasema ndege, lakini picha ya ndege haikuwamo hata moja. Kilichokuwamo ni mahali pao. Kila ukurasa ulikuwa na kipande cha bonde la Masaka kilichochorwa kwa wino mwembamba: mto katikati, mafunjo yamewekewa vistari vya wima, udongo mweusi umetiwa vitone, na njia salama imechorwa unyayo kwa unyayo. Chini yake kulikuwa na maelezo kwa Kinyarwanda, mwandiko mdogo uliosimama sawasawa. Ukurasa mmoja nimeushika moyoni mpaka leo. Simama chini ya mti wa maua mekundu, kanisa likiwa mgongoni kwako. Hesabu hatua arobaini kuelekea mafunjo. Usizidishe, ya arobaini na moja haina chini. Ngoja mpaka kimya kikuzoee. Dume ataita, jike atamjibu, utadhani ni ndege mmoja. Ana fulana nyekundu na kofia ya manjano.

Nikamwuliza nani kamtuma kazi hiyo. Akasema hakuna. Nikamwuliza inamlipa nini. Akanitazama kwa huruma, kama vile nimemwuliza sala zake zinamlipa nini.

Hiyo ilikuwa mwaka wa tisini na moja, vita viko kaskazini na vizuizi viko barabarani. Zamani alikuwa na darubini, zawadi ya mkubwa wake mmoja aliyestaafu. Vita vilipoanza aliifungia sandukuni, maana mtu akikutwa pembezoni mwa mji na darubini na ramani alikuwa na maelezo marefu ya kutoa, na si kila askari alikuwa na muda wa kuyasikiliza. Ofisini nako ramani zilifungiwa kabatini, hutoi karatasi bila saini ya mkubwa. Mwingine angeacha. Yeye alinunua daftari jipya. Bonde lote alilipima tena kwa miguu yake, kila Jumapili baada ya misa ya kwanza, akitafuta pale ambapo mtu mwenye macho matupu anaweza kusimama akamwona ndege vizuri, bila kumtisha na bila kuzama. Ndiyo maana mwongozo ule haukuishia kusema uende wapi. Ulisema usimame wapi, jua likiwa upande gani, uvae nguo ya rangi gani, ukae muda gani bila kukohoa. Kazi ya darubini aliifanya kwa hatua. Mimi nimepima watu maisha yangu yote, futi shingoni, na sijaona mtu aliyepima kitu kwa mapenzi namna ile.

Nikajikuta nimemwambia Jumapili tutakwenda wote. Mke wangu aliposikia alicheka mpaka akashika ukuta. "Miaka kumi na miwili nakuomba unipeleke Masaka kwa shangazi, huna nafasi," alisema. "Leo umealikwa na ndege, nafasi imepatikana." Alinifungia mandazi hata hivyo.

Tulishuka njia panda ya Masaka, tukateremka kati ya mihogo na maharage ya mama mmoja mkulima mpaka bonde likafunguka mbele yetu. Nilikuwa nimevaa viatu vya ngozi. Nalisema hili ili ujue nilikuwa mjinga kiasi gani. Udongo wa kule Wanyarwanda wanauita nyiramugengeri: ni majani yaliyooza juu ya majani yaliyooza, ndani ya maji, miaka nenda miaka rudi, mpaka yamekuwa kitu cheusi, chepesi, ambacho ukikikausha kinawaka kama kuni. Ukikanyaga hapa, nyasi zinacheza kule mbali, kama umepanda kitanda cha springi. Hatua ya tano kiatu changu kimoja kilibaki chini. Nilimwita Mola wangu kwa majina yake yote ninayoyajua. Mzee akageuka, akatoa daftari mfukoni, kavu kabisa, akaniambia kwa upole, "Fundi, iko imeandikwa. Ukurasa wa kwanza. Viatu unaacha kwa mama wa maharage."

Basi nikaenda peku, nikikanyaga alipokanyaga yeye. Na hapo ndipo nilipoanza kumheshimu mtu huyu kwa moyo wote. Kwa macho yangu bonde lilikuwa tope na majani. Yeye alikuwa anatembea ndani ya ofisi yake. Alisema, hapa tupinde, tukapinda. Alisema, hapa tuchuchumae tutazame bua lile lililoinama, tukachuchumaa, na kabla magoti hayajaanza kuniuma mdiria mdogo wa buluu akatua juu ya bua lile lile, akatumbukia majini, akarudi na samaki. Kwarara walipita juu yetu wakigomba kama wanawake wa bombani, na mzee akatazama saa yake akatikisa kichwa, wamechelewa leo. Tukafika chini ya mti wa maua mekundu. Tukahesabu. Hatua ya arobaini tukasimama, na baada ya muda nikasikia sauti moja yenye pande mbili, mlio na mpasuko, na wenye fulana nyekundu wakatokeza kwenye mafunjo, wawili, wanazungumza bila kukatana maneno. Nilitamani kucheka na nilitamani kulia. Sikuwa nimewahi kukaa kimya muda mrefu hivyo tangu nizaliwe, na mke wangu hakuniamini nilipomweleza.

Lakini wenye bonde hasa walikuwa misambi, wale korongo wakubwa wenye taji la dhahabu kichwani. Mjini kwetu watu wenye nafasi waliwafuga uani. Kimihurura ungewaona kwenye bustani, mabawa yamekatwa, wakizunguka maua kama wageni wasiojua wakae wapi. Mimi niliwajua hivyo tu. Masaka niliwaona wakishuka kutoka mbinguni, shingo mbele na miguu nyuma, kumi na wawili kwa mpigo, na walipotua mmoja akainama mbele ya mwenzake, akaokota kijiti, akakirusha juu, wote wawili wakaruka. Nimevalisha maharusi wengi katika mji huu, sijaona bwana harusi aliyejua kuinama vizuri hivyo. Mzee alikuwa amevua kofia.

Tukaendelea hivyo mwezi baada ya mwezi. Ijumaa nilikwenda msikitini kwangu, Jumapili yeye alikwenda kanisani kwake, kisha tulikutana kituoni. Alinifundisha kusoma ramani, nami nilijifunza haraka kwa sababu ramani na mchoro wa nguo ni ndugu: kitu kikubwa chenye milima na mabonde umekilaza kwenye karatasi bapa. Alinisifu kwa hilo. Alikuwa na namna ya kusifu bila kupaka mafuta, na nilipenda kusifiwa naye kuliko na mtu mwingine yeyote.

Mwanzoni mwa tisini na mbili, kwenye kiangazi kifupi, misambi wakaanza kutaga. Na wakati huo huo mradi mmoja ukapata ruhusa ya kukausha kipande cha bonde, nyiramugengeri ichimbwe, iuzwe kama kuni. Mfereji mkubwa ungekatwa sambamba na mto. Upite kushoto au upite kulia, kwa wachimbaji ilikuwa mamoja. Kwa misambi haikuwa mamoja. Ukiingia bondeni kutoka barabarani, viota vitatu vilikuwa kushoto kwako, ng'ambo moja tu ya mto: malundo ya nyasi zilizolazwa katikati ya maji ya kufika gotini, mayai mawili katika viota viwili, na cha tatu kina matatu. Maji yale ndiyo ukuta wao. Mfereji ukipita upande huo maji yanashuka, na mbwa wa vijijini wanafika viotani siku hiyo hiyo. Mzee hakulala vizuri wiki nzima. Alikuja dukani kwangu mara tatu, hana cha kushonewa.

Msimamizi wa uchimbaji alikuwa mtu wa mjini, si mtu mbaya, mtu wa haraka tu. Mzee akamfuata na daftari lake. Yule bwana akalipitia, akalipenda hata, akasema, "Siwezi kuwaonyesha wakubwa daftari la shule. Nichoree karatasi moja kubwa, safi, yenye cheo chako na saini yako. Niipate Jumatatu asubuhi. Nitapitisha mfereji upande usio na alama zako." Ndivyo ilivyokuwa nyepesi. Karatasi moja, na mayai saba yangepona.

Mzee alichora rasimu kwa wino kwenye karatasi ile ya kunakilia inayopenyeza mwanga, mistari na alama tupu, majina akayaorodhesha kando. Kisha akachukua karatasi nene, akaipigia fremu, na pembeni chini akaandika cheo chake akatia saini, kwa sababu ndivyo alivyozoea kuanza, fremu na saini kwanza, bonde baadaye. Jumamosi malaria ikamwangusha. Niliitwa chumbani kwake, kule Kimihurura chini, nikamkuta amejifunika mablanketi mawili na kikombe hakishikiki mkononi. Alinionyesha karatasi zote mbili juu ya meza.

"Fundi," alisema, "wewe kila siku iko unanakili michoro. Mkono yako iko safi. Malizia."

Sijui kama nimewahi kupewa heshima kubwa kuliko ile. Nilizibeba karatasi zile nyumbani kwa mikono miwili.

Sasa nikueleze fundi cherehani anavyofanya kazi, maana kosa lote limelala hapo. Kitambaa kina uso na kina mgongo. Sisi alama hatuweki usoni, chaki ikibaki usoni nguo imeharibika. Kwa hiyo chochote ninachotaka kukitia alama, mkono wangu hukigeuza kwanza, mgongo juu, kabla akili haijaulizwa. Nimefanya hivyo tangu nina miaka kumi na minne, na hakuna anayeniambia, kama vile hakuna anayekuambia wewe ufumbe macho ukipiga chafya.

Jumapili mchana nilifunga duka. Nikatandaza karatasi nene mezani, juu yake kaboni, juu ya kaboni rasimu ya mzee. Na rasimu nikaigeuza. Mistari ilionekana vizuri tu kwa nyuma, karatasi yenyewe ndiyo ile ya kupenyeza mwanga. Nikashika kile kigurudumu chenye meno tunachopitishia michoro, nikafuata kila mstari: mto, njia, mafunjo, viota vitatu. Kisha nikaandika majina kwa mkono, nikisoma orodha aliyoniandikia, kila neno kando ya alama yake. Mto ulikuwa katikati, barabara chini, mafunjo pande zote mbili. Hakuna kilichonishtua. Nikakoleza kwa wino. Ilitoka nzuri, wallahi, nzuri kuliko koti lolote nililowahi kushona, na niliitazama kwa majivuno mpaka chai ikapoa. Mke wangu aliniuliza kama nataka aipashe moto tena, au aitie nayo kwenye fremu.

Jumatatu asubuhi dereva wa msimamizi akapita dukani akaichukua. Mzee bado alikuwa kitandani. Hakuiona.

Rasimu niliitundika ukutani kwa pini, kwa fahari. Jumatano akaja mteja mmoja kujaribu koti lake. Alisimama mbele ya kioo, mimi nimepiga magoti nyuma yake nashika pindo, pini mdomoni. Nikainua macho kuangalia mabega yake kwenye kioo yamekaa sawa. Juu ya bega lake, ndani ya kioo, nikaiona ramani yangu. Ile niliyoichora mimi, hasa ile, na viota vyake vitatu kulia kwa mto. Nikageuka nikatazama ukutani. Ukutani viota vilikuwa kushoto.

Mteja akaniuliza kama mkono mmoja ni mfupi. Nilitema pini, nikamwambia asinisubiri, nikatoka nikamwacha na koti lisilo na vifungo. Njiani ndipo akili iliponimalizia hesabu: msimamizi ni mtu wa ahadi. Ameambiwa akwepe alama, anazikwepa. Alama nimemwekea kulia, basi mfereji anaupeleka kushoto, moja kwa moja kwenye mayai, na tangu Jumatatu watu wake wako kazini.

Nilimkuta mzee ameketi kitandani, homa imepungua, anakunywa uji. Nilimweleza nimesimama, sikuthubutu kuketi. Nilijiandaa kwa lolote. Ningefurahi hata angenipiga kibao. Aliweka kikombe chini, akauliza, "Wameanza kuchimba?" Nikasema ndiyo. Akasema, "Nipe suruali."

Tulipata lori la matofali linaloelekea Kabuga. Kwenye kizuizi askari alimwona mzee anavyotetemeka kando yangu, akadhani nampeleka hospitali, akatupisha bila kuuliza. Kutoka njia panda nilimshika mkono, karibu nimbebe, goti lake halikutaka kukunjika kabisa. Hakuniambia neno la lawama njia nzima. Alichoniambia ni kwamba tupite kwa mama wa maharage, ni mkato.

Watu kama ishirini walikuwa ndani ya mfereji mpaka kiunoni, weusi kwa tope, majembe yanapanda yanashuka. Walikuwa upande wa kushoto. Kati yao na kiota cha kwanza palibaki kiasi cha uwanja wa mpira. Maji yalikuwa yameanza kushuka, ungeona mstari mweusi kwenye mashina ya mafunjo. Misambi wawili walisimama karibu na viota, shingo juu, wanaita, na kila jembe lilipopiga waliruka kidogo wakarudi palepale. Hawakuondoka.

Msimamizi alikuwa kwenye tuta, karatasi yangu nzuri imefunguliwa juu ya mapaja yake. Mzee aliniachia mkono. Akaenda kwake peke yake, anachechemea, akavua kofia.

"Simamisha watu, bwana," alisema. "Ramani nimeikosea. Viota iko upande huu. Nimegeuza kushoto na kulia."

Yule bwana alitazama karatasi, akatazama misambi, akaona. Uso ukambadilika. "Siku tatu za watu ishirini," alisema. "Nimewahakikishia wakubwa kwa saini yako. Wewe, mchoraji wa miaka yote hii, hujui kushoto na kulia?"

Nikafungua mdomo. Mzee, bila kugeuka, alinyoosha mkono nyuma akanishika kifuani, kiganja kizima, akanisukuma taratibu.

"Homa ilinipanda," alisema. "Kosa ni langu."

"Na huyu ni nani?"

"Fundi wangu wa nguo. Amenisindikiza, kwa sababu ya goti."

Nami nikanyamaza. Nimejiuliza mara nyingi kwa nini. Ningeweza kusema ni kwa heshima, mkubwa akikunyamazisha unanyamaza. Ukweli ni kwamba niliogopa pia, na nilipoogopa nilishukuru kwamba kuna mkono kifuani pangu.

Msimamizi akapiga filimbi. Majembe yakasimama. Mzee akaomba karatasi, akaketi juu ya tuta lenye maji, akaigeuza nyuma, na kwa mkono ule unaotetemeka akachora bonde lote upya, kutoka kichwani, bila kutazama daftari. Mistari ilikuwa na mawimbi lakini kila kitu kilikaa mahali pake, ungeweza kutembea nayo gizani usizame. Hata viota alivitia upande wake huku akinyanyua macho kuona kama misambi wametulia. Wachimbaji walisogea kutazama, majembe mabegani, na mmoja akasema kwa Kinyarwanda kwamba mzee huyu amelichora shamba la mama yake hata mchungwa. Kabla jua halijageuka waliziba mdomo wa mfereji kwa magunia ya udongo, wakang'oa vigingi, wakavivusha mto. Msimamizi alisema ataandika ripoti, hana budi. Mzee akasema, "Andika."

Vifaranga vitano vilianguliwa. Nilikwenda kuviona peke yangu Jumapili mbili mfululizo, kwa kufuata daftari, kwa kuwa yeye goti lilikuwa limevimba. Vilikuwa na rangi ya kahawia na miguu mirefu isiyovitii, vikiwafuata mama zao kwenye maji yao ya gotini.

Jumatatu iliyofuata mzee alikuja dukani amebeba sanduku la kalamu zake. Ripoti ilikuwa imefika juu. Wamemwondoa mezani, wamempeleka stoo ya mafaili, kufunga kamba na kupanga rafu. Hatachora tena. Aliyasema haya kwa sauti ya kuagiza shati, akaniomba nimwekee sanduku lile, nyumbani kwake panavuja.

Nililipuka. Nikamwambia nafunga duka sasa hivi nakwenda Kacyiru, nitamwambia msimamizi, na mkubwa wake, na mkubwa wa mkubwa wake, kwamba ni mimi, mimi mjinga wa cherehani. Nilikuwa nimeshashika funguo. Nilimgombeza hata yeye, kwamba amenifanya mwongo na mwoga mbele ya watu ishirini, na nani alimwomba.

Alinisubiri nimalize. "Keti, fundi," alisema. "Ukisema ramani imechorwa na fundi wa nguo, watafanya nini?"

"Watakurudishia meza yako."

"Watatupa ramani. Yote, na ile nimechora juu ya tuta. Watasema hiyo ni mchoro wa gauni. Halafu mfereji utapita popote wanapenda. Mchoraji wa ofisi akikosea, mchoraji wa ofisi anasahihisha, karatasi inabaki ya ofisi." Akafunga kifuniko cha sanduku lake. "Sasa wametupa mimi. Ramani wamebakisha."

Niliketi kwenye kiti cha wateja nikalia, mtu mzima, funguo mkononi. Aliniwekea mkono begani, akaniuliza kama vifaranga vimeanza kula vyenyewe.

Tisini na nne ilipopita na mimi nikarudi mjini, nilikwenda Kimihurura kumtafuta. Mlango ulifunguliwa na watu wengine, hawakuwahi kusikia habari zake, na majirani wa zamani wa kuuliza hawakuwapo. Sikumpata, sijampata. Lakini maofisi hayatupi karatasi. Ile karatasi nene huenda ingali kabatini huko Kacyiru, na saini yake pembeni chini, na ripoti imebanwa juu yake inayosema kwamba mchoraji mwenye saini hii aligeuza kushoto na kulia kwa uzembe. Si kweli. Mtu yule katika bonde lile hakukosea mstari hata mmoja. Niliyegeuza ni mimi.